Kisanduku cha Baba

Vijana wa ofisini waliniomba, kabla sijarudisha funguo, niwaandikie namna tulivyokuwa tukiujenga msimbo mmoja, yaani maandishi ya programu, zikatoka programu mbili, moja ya mashine mpya na nyingine ya mashine kuukuu. Sasa nimestaafu, Alhamdulillahi, na nikitoka msikitini asubuhi hapa Mwembesongo sina pa kukimbilia. Basi naandika. Vyeo nilivyopata na nilivyokosa nitaviacha vilale, maana havikuwahi kumsaidia mtu kurekebisha programu. Lakini siwezi kuieleza kazi ile bila kuieleza aibu niliyoishi nayo, kwa kuwa siku moja viwili hivyo vilikutana kwenye kisanduku kimoja cha skrini.

Nilizaliwa juu ya Kinole. Mama yangu hakuolewa na mtu aliyenizaa, wala hakumtaja kwa yeyote mpaka Mungu alipomchukua. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo kuzaliwa kwangu hakukuwa fahari, lakini hakukuwa msiba pia. Nilikuwa na ukoo, nilikuwa na sehemu yangu kwenye shamba la mdalasini, na nilikuwa na mjomba Kibwana, kaka yake mama wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyenipeleka madrasa, na ndiye aliyenishika mkono siku ya kuanza shule. Mwalimu alipouliza jina la baba wa mtoto, mjomba alijibu, "Andika mimi." Nikawa Shomari Kibwana Banzi. Mama alikuwa Banzi, mjomba Banzi, nami Banzi. Mlimani hakuna aliyeinua hata nyusi.

Aibu niliikuta chini, niliposhuka mjini kusoma sekondari. Mwenzangu mmoja wa bweni aliona karatasi zangu za kujiunga na shule. Akasoma jina la baba, akasoma jina la mama, akauliza kama wazazi wangu ni ndugu. Kwa ujinga wa utoto nikasema ndiyo, kaka na dada. Bweni zima lilicheka. Tangu siku hiyo nikawa na tabia ya kufunika karatasi kwa kiganja kila ninapoandika majina ya wazazi. Nilifunika nilipoomba kazi, nikafunika nilipofunga ndoa, nikafunika nilipoomba hati ya kusafiria kwenda Hija. Mwalimu wangu wa madrasa alikuwa ametufundisha kwamba mtu aitwe kwa baba yake mzazi, na kwamba asiyejulikana baba yake ni ndugu yetu katika dini. Nusu ya pili ya fundisho hilo ilikuwa rehema tupu. Mimi kwa miaka mingi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Kazi nilifundishwa na Bwana Kanti, Mhindi wa hapa hapa mjini, ambaye ukoo wake uliuza vifaa vya ujenzi na yeye peke yake akapenda kompyuta. Duka lake la matengenezo lilikuwa chumba kimoja chenye feni na sanamu ndogo ya mungu wake juu ya kabati la vipuri. Siku ya kwanza alinipa brashi ya kupakia rangi, mpya, haijaguswa na rangi.

"Hii ya nini, Bwana Kanti?"

"Vumbi. Nusu ya ugonjwa wa mashine za Morogoro ni vumbi. Nusu nyingine ni mwenye mashine."

Kisha akaniuliza, kama wenye maduka wanavyouliza kabla hawajakukabidhi chochote, baba yangu ni nani na anafanya nini. Nikasema ni Kibwana, analima mdalasini. "Mwambie aniletee," akasema. Mjomba akashuka na furushi, na Kanti akawa anamwita Baba Shomari, na mjomba akawa anaitika. Mimi nilikuwa pembeni nikisafisha mashine isiyokuwa na vumbi.

Kanti alinifundisha neno moja ambalo nimelifanyia kazi maisha yangu yote. Mteja mmoja alileta kompyuta iliyochoka kabisa na mimi nikasema mbele yake kwamba hii ni ya kutupa. Alipoondoka, Kanti akasema, "Mteja hana mashine mbovu, Shomari. Mteja ana mashine aliyo nayo." Mwanzoni nilidhani anazungumzia biashara.

Kutoka kwa Kanti nilikwenda kwenye shirika mlikonikuta, linalotengeneza programu ya kliniki za wajawazito. Mama akifika zahanati, nesi anamwandika, programu inamkumbusha nesi tarehe za kurudi, inaonya iwapo mimba ni ya hatari, na inatoa kadi. Zahanati nyingi tulizohudumia zilikuwa Uluguru na bonde la chini yake, mpaka Kisaki kule kwenye reli. Mashine zao zilikuwa za msaada, zilizokwisha kuzeeka kwa watu wengine kabla hazijafika kwetu, zikitumia umeme wa sola na huruma ya Mungu.

Sasa niwaeleze wale ambao si mafundi. Programu haisimami hewani. Inasimama juu ya msingi ulioandikwa na watu wengine mbali sana, na watu hao kila baada ya muda hutoa toleo jipya la msingi wao. Toleo jipya ni jema, lina kasi na usalama zaidi, ila halikubali kukaa kwenye mashine kuukuu. Tukawa na njia tatu. Kubaki na msingi wa zamani, na zahanati za mjini ziteseke. Kuhamia mpya, na zahanati za mlimani zizimike. Au kuandika msimbo mara mbili, ambapo kila kosa unalirekebisha huku na kulisahau kule. Tulichagua ya nne: msimbo mmoja, ujengwe mara mbili, mara moja kwa kila toleo la msingi.

Namna yake ni hii. Katika faili la mradi unataja matoleo yote mawili. Pale ambapo matoleo yanatofautiana unajenga ukuta wa masharti ndani ya msimbo: kama ni toleo la zamani soma hapa, kama ni jipya soma pale. Kuta hizo zisizagae. Zikusanyeni kwenye faili moja, mkaziite kwa jina kutoka kwingine, la sivyo baada ya mwaka hamtajua mko upande gani wa ukuta. Na msijidanganye kwamba kilichojengeka kimefanya kazi. Sisi tulikuwa na kompyuta moja ya mkononi, kongwe, ikikaa chini ya meza yangu, tukiiita Bibi. Hakuna kilichotoka ofisini bila kupita kwa Bibi.

Bibi ndiye aliyetuonyesha kwamba toleo la zamani kwenye mashine za zamani halikukijua Kiswahili cha Tanzania. Lilikijua cha Kenya tu. Ukiliagiza liandike tarehe kwa Kiswahili cha hapa, linazimika palepale. Ikabidi tujenge ukuta: upande wa mashine kuukuu, jifanye uko Kenya. Neema, mwenzangu wa kitengo, alipousoma ukuta huo alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee mtani, yaani Waluguru wote wa mlimani umewahamishia Nairobi?"

"Bora Nairobi, Mnyamwezi. Nyinyi wa Tabora mashine haikuwajua kabisa, ilidhani ni mizigo."

Neema ni Mnyamwezi, na Wanyamwezi na sisi ni watani. Alikuja kijana, na baadaye akawa kiongozi wa kitengo chetu. Lakini utani haujali umri wala cheo. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi kwa adabu zote, na kabla sijamaliza kusema marahaba alishanitukana kabila. Siku nilipofiwa na mjomba Kibwana alipanda mlima pamoja nasi na akalala juu ya mkeka pale pa kupitisha jeneza, akidai kitu ndipo atupishe, kama mtani anavyotakiwa kufanya. Nililia huku nacheka. Nawakumbusha haya kwa sababu yatakuja kuwa na maana.

Baadaye baadhi ya zahanati za mlimani zilipewa kompyuta mpya. Hizo zikapata programu iliyojengwa kwa msingi mpya, wenzao wakabaki na ya zamani. Kwetu ilikuwa furaha. Hatukuona tofauti yoyote. Skrini zilifanana kama mapacha.

Hazikupita siku nyingi, mratibu wetu wa takwimu, Bi Rehema, akaitisha kikao. Huyu ni mama makini, mcha Mungu, asiyesema jambo ambalo hajalihakikisha. Alisimama akiwa ameshika karatasi zake kifuani.

"Wenzangu, nina jambo zito, na naona haya kulisema mbele ya mzee," akasema. "Kuna kliniki za mlimani ambako baba wa mtoto ni ndugu wa damu wa mama wa mtoto. Si moja. Kwingine ni kaka na dada, jina la ukoo ni moja. Kuna binti anaitwa Zuhura, mimba yake ya kwanza, na aliyeandikwa baba anaitwa Salehe, wanaishi nyumba moja. Nikampigia nesi kumwuliza huyu Salehe ni nani kwa Zuhura. Akanijibu bila kusita, ni mjomba wake."

Bi Rehema akasema kwamba wiki inayofuata atapeleka taarifa ustawi wa jamii na polisi, dawati la jinsia, kwa majina. "Nikinyamaza nitakuwa nimeshiriki," akasema. Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtu yeyote mwenye dini angesema hivyo.

Neema, kwa kutaka kupunguza uzito, akanigeukia. "Mtani, ndiyo kusema huko kwenu mnaoana wenyewe kwa wenyewe kwa uvivu wa kushuka mlima?"

Watu wakacheka kidogo. Desturi inataka utani ujibiwe kwa utani. Lakini niliona bweni lote la miaka ile limehamia kwenye chumba cha mkutano. Nilitazama mkono wangu juu ya meza, nikakuta kiganja kimelala juu ya karatasi ambayo haikuwa imeandikwa kitu.

"Nipeni nikaangalie programu kwanza," nikasema.

"Programu ina kosa gani, mzee?" akauliza Bi Rehema, kwa upole. "Imeuliza baba, imejibiwa."

Nilipanda kesho yake kwa pikipiki mpaka barabara ilipokata tamaa, kisha kwa miguu. Zahanati ile inaendeshwa na Nesi Apolonia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu kutoka mlima wa pili. Alinipokea kwa furaha, akadhani nimekuja kumpongeza kwa kutumia mashine mpya. Kwenye benchi la nje alikuwepo Zuhura mwenyewe, amekuja kliniki, na pembeni yake mzee mmoja wa rika langu akichonga mpini wa jembe. Ndiye Salehe.

Tukasalimiana kwa salamu ya Kiislamu. Akaniuliza, kama kawaida ya kwetu, "Wewe ni wa nani?"

"Wa Mwanahawa Banzi, wa kule juu ya Kinole. Mpwa wa marehemu Kibwana."

"Ah, basi ni wetu," akasema, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Angalieni mambo ya ajabu. Kule juu nililitamka jina la mama yangu mbele ya mtu nisiyemjua, bila kufikiri. Nilitambua hivyo nilipokuwa nimeshakaa, na nikaona haya kwa kuona haya kote kwa miaka mingi.

Nikamwuliza Salehe habari ya kuandikwa kwake. Akanyoosha mpini kuelekea dirisha la nesi. "Mashine yenu hii. Ya zamani ilikuwa na adabu. Hii mpya, nesi kaandika kila kitu, ikagoma. Kisanduku kikabaki chekundu kama jicho la mgonjwa. Nesi anauliza baba wa mtoto nani, kwa sauti yake ile, watu wamejaa benchini. Binti akainamisha kichwa. Nikasema niandike mimi. Kwani mtoto akiugua usiku nani atambeba? Si mimi?"

"Ni wewe," nikasema.

"Nimekosea?"

"Hujakosea."

"Basi mbona umekuja mbio hivyo, na kandambili zenyewe umepoteza moja?"

Zuhura alicheka, na Apolonia dirishani akacheka. Mimi sikuweza kumwambia yule mzee kwamba mjini jina lake limeandikwa pamoja na uchafu ambao hajawahi kuuwaza, na kwamba askari wanaweza kupanda njia ile ile niliyopanda. Nilisema nimekuja kuangalia mashine.

Zuhura ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mzee, kikibaki kitupu, mtoto atapewa kadi?"

"Atapewa."

"Mbona siku ile mashine haikutoa?"

Nikamjibu kwamba ndicho kilichonipandisha mlima. Apolonia akanipa kiti chake. Nikajaribu mwenyewe: mama wa kubuni, kijiji cha kubuni, kisanduku cha baba kitupu. Kikageuka chekundu. Nikatoa Bibi mfukoni mwa begi, nikafanya vilevile kwa programu ya zamani. Bibi akahema, akatafakari, akatoa kadi.

Kosa lilikuwa hili, na lishikeni. Msingi mpya una kanuni ambayo wa zamani hauna: neno lolote ambalo fundi hakuliwekea alama ya kuuliza kwenye msimbo linahesabiwa kuwa la lazima, na msingi wenyewe unalidai kwa mtumiaji bila fundi kuagiza. Kanuni hiyo tuliiwasha sote kwa kukubaliana, kwa sababu hukamata makosa mengi ya uzembe. Upande wa zamani haikuwa na nguvu. Kwa hiyo mstari uleule, ulioandikwa mara moja, ulisema maneno mawili tofauti: huku, baba kama yupo, kule, baba lazima. Hatukuandika sisi neno lazima. Liliingia lenyewe kupitia nafasi ya alama ambayo haikuwekwa. Kuta zetu zote za masharti tulizijenga pale tulipojua kuna tofauti. Hapa hatukujua, basi hapakuwa na ukuta.

Kikao cha pili nilikwenda na ushahidi. Nikawaonyesha kwamba kwenye mashine za toleo la zamani, Kisaki na kwingine, hakuna mjomba hata mmoja aliyeandikwa baba; visanduku vimebaki wazi. Wajomba wote wametoka kwenye toleo jipya. "Ni ujenzi wa programu," nikasema. "Watu walilazimishwa kujaza, wakamjaza mwenye kubeba mzigo."

Bi Rehema alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. "Mzee, naheshimu kazi yako. Lakini yawezekana toleo la zamani lilikuwa linaficha, na jipya limefichua. Kisanduku kitupu si ushahidi wa wema. Nani anaandika jina lake mahali pa baba wa mtoto kama si baba? Sijawahi kusikia. Kuna mtu hapa aliyewahi?"

Hapo msimbo uliishiwa na maneno. Nilijua jibu na nilijua lilikokuwa limekaa. Neema akaniona nimenyamaza, akadhani nimezidiwa, akanirushia kamba kwa njia anayoijua.

"Jamani mwacheni mtani atetee kabila lake. Labda hata yeye baba yake ni mjomba wake."

Wakacheka.

"Ndiyo," nikasema.

Wakacheka zaidi, mmoja akapiga meza. Ni utani, na katika utani hakuna neno linalopimwa. Ningeweza kuliacha lipite hapo, nikawa nimesema na nisiwe nimesema. Wallahi nilitamani. Lakini nilimwona Salehe na mpini wake, akiulizwa maswali mbele ya wapwa zake na mtu asiyeelewa hata anachouliza.

Nikangoja kicheko kiishe. Nikaondoa kiganja mezani. "Nimesema ndiyo. Aliyenizaa simjui. Kibwana Banzi, aliyeandikwa baba kwenye karatasi zangu zote hapa ofisini, ni kaka yake mama yangu. Neema, wewe ulilala njiani siku tunamzika. Aliniandikisha shule kwa jina lake kwa sababu mwalimu alidai jina. Kama Salehe ni wa kupelekwa polisi, basi mfukueni na Kibwana, na mimi mniandike kwenye taarifa hiyo hiyo."

Sitawaeleza sura za watu. Niliinamisha macho yangu, na mtu mwenye macho chini haoni sura. Nilisikia karatasi za Bi Rehema zikiwekwa mezani. Nilisikia joto la uso wangu lenyewe, kama mtu aliyesimama karibu na tanuri la mkate. Nilidhani mtu akisema ukweli wake anakuwa mwepesi, wengi husimulia hivyo. Mimi sikuwa mwepesi. Nilitamani sakafu.

Taarifa haikwenda. Bi Rehema alipanda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la Apolonia, akazungumza na Zuhura faraghani, na wengine wote mmoja mmoja, kama ilivyompasa. Aliporudi alikuja mezani kwangu akasema, "Nisamehe, mzee." Nikamwambia hakuna la kusamehe, alikuwa akiwalinda mabinti. Nilimaanisha, lakini sikuweza kumtazama.

Marekebisho yenyewe yalikuwa madogo hata kuyaandika ni aibu nyingine: alama moja ya kuuliza, mbele ya neno moja, ikafanya kisanduku cha baba kiruhusiwe kubaki wazi katika matoleo yote. Tukaongeza kisanduku cha pili, kinachoitwa Mlezi, ili mwenye kubeba mzigo apate pa kuandikwa bila kusema uongo. Zuhura alijifungua salama, mtoto wa kike. Kadi ya mtoto ilitoka na jina la Salehe mahali pake.

Lakini ofisini kitu kilikufa. Neema aliacha utani. Aliniamkia shikamoo, nikasema marahaba, naye akageukia kazi yake. Nikikosea jambo, ananisahihisha kwa upole, kama ninaumwa. Siku moja niliipigia Bibi kofi ili iwake, jambo ambalo zamani lingenipatia matusi ya wiki nzima, yeye akasema tu, "Pole, mzee." Enyi mnaonisoma, huruma ya mtani wako ni baridi sana. Anayekutania anakuhesabu mzima. Nilirudi nyumbani nikaswali nikamwomba Mungu anirudishie matusi yangu. Sijui kama ombi la namna hiyo limewahi kupanda kabla.

Liliitikiwa kwa namna ya kazi yetu. Mnajua kwamba msimbo wetu una majaribio: kila unapojengwa, unajipima wenyewe kwa watu wa kubuni kabla haujaruhusiwa kutoka. Katika wiki yangu ya mwisho Neema alituita mbele ya skrini, akasema kuna jaribio jipya ameliongeza, anataka tulione. Akaagiza ujenzi. Mistari ikaanza kupita, ya toleo la zamani kwanza, kisha ya jipya. Mmoja ukasimama mbele ya macho yangu: "Mluguru asiye na baba ila ana mjomba na kiburi: amepita." Na chini zaidi, kwa toleo jipya, ukajirudia uleule.

Chumba kizima kilinigeukia mimi. Neema alikuwa ameshika ukingo wa kiti.

"Mnyamwezi," nikasema, "kiburi umekiweka kwenye kisanduku gani?"

"Hakuna kisanduku kinachokitosha, mtani. Nimekiweka kwenye seva."

Tukacheka, na uso wangu ulikuwa wa moto kama siku ile ya kikao. Haya haijaondoka, wala sidhani kama itaondoka. Madrasa tulifundishwa kwamba haya ni sehemu ya imani, basi naiacha ikae. Ila nawausia jambo moja. Siku itafika ambapo mashine kuukuu ya mwisho itazimika, nanyi mtalifuta toleo la zamani pamoja na kuta zake zote. Futeni, msilionee huruma, ndivyo kazi ilivyo. Jaribio lile msilifute.

Neema alinionyesha lilivyoandikwa. Kisanduku cha baba kilikuwa wazi. Cha mlezi kilikuwa na jina la Kibwana. Kwenye cha mama alikuwa ameandika Mama Fulani. Nikamwambia hapo amekosea, na kwamba mama yangu alikuwa na jina.

Akavuta kibodi karibu. "Nitajie, mtani."

Nikamtajia, herufi kwa herufi, huku mikono yote miwili iko magotini. Akaandika Mwanahawa Banzi, akaagiza ujenzi upya, toleo la zamani na toleo jipya, tukakaa kungoja. Mama akapita kote.